Habari Isiyovuka Kizingiti

Zamani, kabla simu hazijaingia kila mfuko, Waunguja wa Jeddah walikuwa na Bi Badriya. Mtu akizaa, akiposwa, akifiwa, akifungua duka au akilifunga, hakuwa na haja ya kupaza sauti. Alimwita Bi Badriya, akamketisha penye mto mzuri, akammiminia chai, akamweleza anachotaka watu wakijue. Kutoka hapo kazi ilikuwa ya miguu yake.

Aliirithi kazi hiyo kwa mama yake, Bi Zuwena, aliyetoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa mwari, akatangatanga bandari mbili tatu, mwisho akatua Riyadh, mtaa wa Suwaidi. Bi Zuwena alikuwa mwalikaji. Kwao harusi haikutangazwa kwa kupigiana kelele madirishani. Sharti mtu aende mlangoni, amevaa vizuri, ananukia udi, abishe hodi, aketi, aulize hali ya kila aliyemo, ndipo ataje aliyemtuma na siku inayokusudiwa. Nyumba ikirukwa, hata kwa kusahau tu, ugomvi wake uliweza kurithiwa na wajukuu. Badriya alikulia nyuma ya buibui la mama yake, akipanda na kushuka ngazi za Suwaidi, akijifunza nani hasemi na nani, nani aanziwe, nani apewe habari polepole kwa sababu ya moyo wake.

Alipoolewa Jeddah alikuja na kazi yake kama wengine wanavyokuja na vyombo. Harusi ikiwa na ncha mbili, huku baharini na kule jangwani, yeye ndiye aliyepandishwa basi kwenda Riyadh kualika upande wa pili. Alikuwa akirudi amechoka, amevimba miguu, na ana raha ambayo mumewe, Mungu amrehemu, hakuielewa hata siku moja. "Unafurahi nini? Harusi si yako," alimwambia. Bi Badriya alicheka tu. Zote zilikuwa zake.

Simu zilipokuja, hakuzikataa. Mwanawe Faris, aliyekuwa akiuza vifuniko na chaja za simu, alimfungulia kundi la wasapu, na kila siku baada ya alasiri Bi Badriya alikohoa kidogo, akabonyeza, akasoma habari za mtaa kwa sauti yake nzito: nani kajifungua na mtoto wa jinsi gani, barabara ipi imechimbwa na baladia, yaani manispaa, isipitwe, fundi cherehani gani kahamia wapi, samaki wa nani wamechacha. Wazee wasiojua kusoma walimsikiliza wakiwa wamelala ubavu. Wengine walisema asipozungumza Bi Badriya, siku haijaisha.

Mtaa wenyewe ulikuwa kusini ya mji, si mbali na Karantina: nyumba za ghorofa zilizobanana na mstari mmoja wa maduka ya zamani. Katika ramani za serikali mstari ule ulikuwa na namba. Watu waliuita Kwa Mselem, kwa sababu kabla ya kinyozi, kabla ya duka la viungo, kabla ya Faris na chaja zake, palikuwa na tanuri la udongo la Mselem na mkate wake wa ufuta. Mselem alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye nyusi zilizoungua mara nyingi hata hazioti tena sawasawa. Mkewe, Bi Safa, alikuwa shoga wa Bi Badriya tangu ujana. Watoto wao wakubwa wote walipoolewa, Bi Badriya ndiye aliyealika. Alibaki kitindamimba, Hala, aliyeposwa na Usama, kijana wa Suwaidi.

Bi Badriya alisikia posa, akasikia siku, akangoja kuitwa. Alipeleka kanzu yake ya kualikia kwa dobi. Alimwambia Faris amtafutie dawa ya magoti, maana safari ya Riyadh ilikuwa inakuja.

Asubuhi moja simu ililia mlio mdogo. Alipofungua, maua mekundu yakaanza kudondoka juu ya kioo, kinanda kikalia, na majina ya Hala na Usama yakajiandika kwa dhahabu. Ikaja siku, ukaja ukumbi, na chini kabisa maneno: mnakaribishwa nyote.

Faris alikuwa jikoni akikaanga yai. "Mama, umeipata kadi? Nzuri, eh? Mji mzima umealikwa kwa kidole kimoja."

"Kwa kidole kimoja," alisema mama yake, akaifunika simu juu ya kitanda.

Bado alingoja. Alijiambia kadi ni ya vijana, wakubwa watapelekewa mtu. Lakini hakuna aliyekuja. Siku za mwisho alikutana na Bi Safa dukani, akamwambia kuwa magoti hayatamfikisha Riyadh. Alimwangalia usoni alipokuwa akisema. "Pole, dada yangu," alisema Bi Safa, huku akichagua mchele wa harusi. "Tutakuletea halwa." Hakusema zaidi, na Bi Badriya alikuwa ameacha nafasi ya kutosha kwa ajili ya hilo zaidi.

Basi wenye harusi wakaenda Riyadh, tanuri likafungwa. Harusi ikafanyika. Kisha ikaanza fungate: siku saba za maharusi kufungiwa ndani, somo, kungwi wa bibi harusi, yuko mlangoni, na kila siku chakula kinatoka kwa wazazi wa mke. Mselem na Bi Safa walipanga nyumba ndogo huko huko Suwaidi wampikie binti yao mpaka siku hizo zitimie.

Walipokuwa huko ndipo alipokuja mtaani Jeddah mtu wa ofisi ya baladia. Alikuwa kijana mpole mwenye kofia ya plastiki kichwani na ramani kwapani. Aliwakusanya wenye maduka, akawaambia kwa Kiarabu cha taratibu kuwa barabara itapanuliwa, mstari wote utabomolewa, na kampuni inajenga soko jipya lenye paa nyuma ya msikiti. Wenye maduka ya zamani watapewa haki yao kabla ya wageni. Nafasi zitagawanywa kwa kura Jumatatu, katika ukumbi wa ofisi. "Kila mtu aje mwenyewe na ikama yake, kibali chake cha kuishi. Asiyekuja, mafi mahal," alisema, yaani huyo duka hana. Alibandika tangazo kwenye kila mlango, hata mlango wa Mselem uliofungwa.

Watu waliitazama ramani. Nafasi moja tu, ya pembeni, ilikuwa na uwazi wa kutolea moshi. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Ilionekana imechorwa kwa ajili ya tanuri.

Bi Badriya hakuitia habari ile kwenye kundi. Alivaa, akaenda kwa miguu, duka kwa duka, nyumba kwa nyumba. Miaka ilikuwa imepita tangu afanye hivyo. Alihakikisha kila mtu ameelewa siku na mahali, na kwa kila mmoja alimalizia na jambo moja: "Lakini Riyadh msipeleke. Wale wako kwenye fungate, na hii ni habari ya kubomolewa nyumba ya riziki."

Wote waliitika kwa kichwa. Kanuni ile waliijua. Habari mbaya haivuki kizingiti cha nyumba ya harusi mpaka fungate iishe. Hata mtu akifiwa, atalia nje. Anayepeleka kilio ndani, Bi Zuwena alikuwa akisema, amewafunga maharusi kwa uzi uliooza.

"Na kura je?" aliuliza kinyozi. "Mselem atajuaje?"

"Mselem niachieni mimi," alisema Bi Badriya. "Nitamwambia mwenyewe, kwa wakati wake."

Wakamwachia. Nani angemnyang'anya Bi Badriya habari mdomoni?

Siku ya Ijumaa alikuja Rael. Rael alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa ndani katika jumba moja la Al-Hamra, upande wa baharini. Madam wake aliwahi kuonja mkate wa ufuta, tangu hapo hakutaka mwingine, na kila Ijumaa dereva alimleta Rael mpaka huku kusini kuununua. Alipokuta tanuri bado limefungwa alipanda kwa Bi Badriya, akavua viatu mlangoni na kuanza kulalamika kabla hajaketi.

"Bi Badriya, aki niambie Mselem amerudi. Juzi nilimpelekea madam mkate wa supermaketi, akaushika hivi, na vidole viwili, kama soksi ya mtu."

"Hajarudi. Yuko kwenye fungate ya binti yake."

"Kwani ni yeye ameolewa?"

Bi Badriya alicheka mpaka akashika kifua. Alimpenda Rael kwa sababu hiyo. Alimwekea kahawa na tende.

"Na ile karatasi kwa mlango wake?" Rael aliuliza. "Imeandikwa Jumatatu. Ameiona?"

Bi Badriya akamweleza fungate, kizingiti na uzi uliooza. Rael alisikiliza kwa heshima, huku akitoa kokwa za tende mdomoni moja moja.

"Sasa ngoja," alisema mwishowe. "Mimi siwaelewi nyinyi watu wa Pwani, lakini hii ni habari mbaya nusu tu. Kubomoa ni mbaya. Kupewa duka jipya si ni nzuri? Si ungempelekea hiyo nusu nzuri? Hata usiende kwa maharusi. Mpigie huyo mzee, umwambie apande ndege Jumapili, achukue kura yake, arudi kupika wali wa mtoto wake. Halas."

Lilikuwa jambo rahisi mno. Bi Badriya alitaka kusema kwamba halijamjia akilini, na alipofungua kinywa akagundua kwamba lilimjia siku ile ile kijana alipokunja ramani yake.

"Wewe hujui mila," alisema.

"Sijui, ni kweli." Rael alimtazama. "Ama walikukosea?"

"Nani?"

"Hao watu wa harusi. Kwa sababu, Bi Badriya, umeniambia hiyo hadithi yote na hujataja jina la bibi harusi hata mara moja."

"Kunywa kahawa yako, dereva anakungoja," alisema Bi Badriya, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia na mgeni.

Rael alipokwisha kuondoka, Bi Badriya alichukua simu. Alilitafuta jina la Mselem, akalipata. Kidole kilikuwa juu yake. Badala ya kubonyeza alirudi nyuma, akaifungua ile kadi, akayatazama maua yakidondoka, yakafika chini, yakaanza tena juu. Aliyaacha yadondoke. Kisha akaiweka simu chini ya mto, akajiambia kuwa mila ni mila, na kesho ni siku pia. Kesho yake akasema hivyo hivyo.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Bi Badriya aliketi nyuma na wanawake wachache waliokuwa na maduka. Mtu wa ofisi aliita majina, na kila aliyeitwa alikwenda mbele kutia mkono ndani ya sanduku, akatoka na nafasi yake, wengine wakicheka, wengine wakinuna. Likaitwa jina la Mselem. Likaitwa tena. Watu wakageuka, mstari mzima wa vichwa, wakamtazama Bi Badriya, kwa sababu yeye ndiye aliyesema aachiwe.

Alitikisa kichwa. Mtikiso ule ulikuwa wa namna ambayo kila mtu angeweza kuufasiri atakavyo: kwamba aliambiwa akashindwa kuja, kwamba simu haikupokelewa, kwamba Mungu hakuandika. Wakasikitika, wakageuka mbele.

Faris alipotia mkono alitoka na nafasi ya pembeni, ile yenye njia ya moshi. Alirudi anacheka. "Mama, nitauzia simu zangu chini ya bomba!" Wanawake waliokuwa kando wakampongeza. Bi Badriya aliona mikono yao ikija, akaipokea, yake ikiwa baridi kama ya mtu aliyetoka kuosha maiti.

Fungate iliisha, na Mselem akarudi. Bi Badriya alimfuata mlangoni pake siku ile ile, akamweleza yote yaliyotokea, kubomolewa na kura na soko. Hakudanganya hata neno. Aliliruka moja tu. Mselem alisimama na mfuko wa safari mkononi.

"Ilikuwa kwenye fungate?"

"Kwenye fungate."

"Alhamdulillahi," alisema Mselem. "Harusi ya mwanangu imepita salama." Akaingia ndani, akajifungia.

Ijumaa iliyofuata wenye harusi waliwalisha biriani jirani zao wote wa Jeddah. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Sahani ya Bi Badriya ilikuwa imewekwa karibu na Bi Safa. Watu walipokuwa wanakula, ikasikika sauti ya Mselem kutoka upande wa pili wa pazia. Hakuwa mtu wa hotuba, na maneno yalimtoka moja moja, kama unga mkavu.

"Nimepoteza mahali pangu, na hilo ni la Mungu. Lakini nataka kumshukuru mtu mmoja mbele yenu. Bi Badriya angeweza kutuletea habari ile tukiwa katikati ya furaha. Mwingine angeleta. Yeye aliubeba mzigo peke yake mpaka mtoto wangu akamaliza siku zake. Watu wa namna hii hawapo tena. Mungu amjaze kheri."

"Amin," wakasema wanaume. "Amin," wakasema wanawake, na kina mama wawili wakambusu Bi Badriya kichwani. Bi Safa alimkamata mkono, macho yake yamelowa. Bi Badriya alikuwa na tonge mdomoni. Lilikataa kwenda chini na lilikataa kutoka. Alilishikilia pale kwa ulimi, akitabasamu, mpaka pakaletwa maji ya kunawa.

Kuna aibu ya kutukanwa, na hiyo ina dawa, kwa sababu mtu hujibu, au hulia, au humwachia Mungu. Aibu ya kusifiwa kwa ubaya wako mwenyewe haina pa kushikwa. Huwezi kumkasirikia anayekusifu. Bi Badriya alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. Sokoni watu walimpisha kwenye foleni. Walimhadithia kwa wageni: huyu ndiye yule. Alasiri zilifika zikapita, na kundi la wasapu likangoja sauti yake. Alipojaribu kukohoa ili aanze, alisikia kikohozi cha mtu anayetaka kuaminiwa, akazima.

Mselem naye alionekana akitembea mjini, akiuliza bei za vyumba. Hakuna mwenye jengo aliyetaka moto wa kuni. Mtu mmoja alimwambia auze mkate wa mashine. Alirudi, akaketi kwenye kizingiti cha duka lake lililowekewa alama ya rangi nyekundu ya kubomolewa, akawauzia watu mikate ya mwisho mwisho. Bi Badriya alituma mtu kumnunulia. Hakuweza kwenda mwenyewe.

Siku alipomwona Mselem kutoka dirishani akijaribu kumwonyesha mwanamume fulani tanuri lake, kama mtu anayeuza ng'ombe mzee, alikwenda kwa Faris.

"Mwanangu, ile nafasi ya pembeni. Nataka umwachie Mselem. Ofisini wanakubali mwenye nafasi akimwachia mwenye duka wa zamani, nimeuliza. Wakuandikie mahali popote palipobaki. Wewe chaja zako hazitoi moshi."

Faris alikuwa akipangusa kioo cha kabati lake. "Mama, kura ni kura. Mimi sikumzuia kuja. Pale ni pembeni, kila mtu anapita. Unajua kama mimi ninavyojua."

"Najua."

"Basi nipe sababu."

Bi Badriya aliketi juu ya boksi la vifuniko. Alitazama viatu vyake. Alikuwa amewahi kupeleka habari za vifo vya watoto, talaka, watu waliokamatwa na kurudishwa makwao. Hakuna iliyowahi kuwa nzito hivi.

"Ningeweza kumpigia," alisema. "Nilikuwa na wakati wa kutosha. Sikuizuia habari ile kwa ajili ya fungate. Nilizuia kwa sababu hawakunituma kualika. Nilitaka..." Akatafuta neno. "Nilitaka wajue kwamba kuna mambo hayafiki watu kwa kidole kimoja."

Faris aliacha kupangusa. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mama ni mtu, lakini kujua na kuonyeshwa ni vitu viwili.

"Wallahi, Mama?"

"Wallahi."

Faris akakunja kile kitambaa mara mbili. "Nafasi nitaitoa. Nitakwenda naye ofisini kesho. Lakini haya maneno siyabebi. Utayapeleka mwenyewe, kabla sijakwenda. Sitaki anishukuru mimi kama alivyokushukuru wewe."

Akapanda kwa Mselem jioni ile. Mselem alikuwa ameketi sakafuni akichambua ufuta kwenye sinia, Bi Safa akikunja nguo. Walimkaribisha kwa furaha, wakamvutia mto. Hakuukalia. Aliketi juu ya mkeka mtupu, karibu na mlango, akayasema kama alivyoyasema kwa Faris, ila polepole zaidi, kwa sababu hapa kulikuwa na nyuso mbili.

Vidole vya Mselem viliendelea kuchambua ufuta kwa muda, kana kwamba havijasikia bado. Kisha vikasimama.

Bi Safa ndiye aliyeanza. "Nilikukosea," alisema. "Hilo nalikiri. Usama na wenziwe walileta mambo ya kadi, nikasema sawa, na wewe hukunijia akilini. Nilikusahau kama mtu anavyosahau koti wakati wa joto. Lakini mimi nilisahau, Badriya. Wewe ulikumbuka. Kila siku uliamka ukakumbuka."

"Ndiyo."

"Na biriani yangu ukala."

"Haikushuka," alisema Bi Badriya, akaona haya kwa kulisema, maana lilikuwa kama kuomba huruma.

"Faris anasema nini?" aliuliza Mselem.

"Amekubali kukuachia nafasi yake. Kesho mwende ofisini."

Mselem aliusukuma ule ufuta kando. "Nafasi nitaichukua. Sina kiburi cha kuikataa, nina watu wa kulisha, na Faris ni mtoto mzuri." Alijifuta mikono kwenye kikoi. Hakuwa amepandisha sauti, na Bi Badriya alikuwa akiomba moyoni apandishe. "Lakini ile shukrani niliyokupa, siitaki ikae kwako. Niliitoa mbele ya watu, na Amin ikasemwa. Nenda ukawaambie wote waliokula hapa kwamba Mselem ameichukua, na uwaambie kwa nini."

"Nitaisema leo kwenye kundi."

"Si kwa simu," alisema Bi Safa. Alikuwa amempa mgongo, akikunja shali. "Kwa miguu, Bi Badriya. Nyumba kwa nyumba. Si ndivyo ulivyotaka uhitajiwe?"

Bi Badriya alijishika ukutani akainuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakuna aliyemsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Kesho yake, wakati Faris na Mselem wakiwa njiani kwenda ofisini, alianza na nyumba ya Bi Ghaniya, kwa kuwa Bi Ghaniya ndiye mkubwa, na mkubwa huanziwa. Hakujitia udi. Alipobisha, mlango ulifunguliwa haraka.

"Karibu, karibu! Mwenyewe, kwa miguu?" Bi Ghaniya alipiga kigelegele kidogo cha utani, akageuka kuwaita waliomo ndani. "Wekeni chai! Bi Badriya kaja, basi kuna harusi!"

"Hakuna harusi," alisema Bi Badriya. "Na sitaketi, bibi. Niache niseme hapa hapa."

Akasema. Kicheko cha Bi Ghaniya hakikuondoka mara moja, kilipungua kidogo kidogo, kama jiko linavyozimika, mpaka ukabaki uso wa mwanamke mzee anayemtazama mtu ambaye yeye alimpa siri zake zote kwa miaka mingi. Alikuwa akizihesabu, Bi Badriya aliliona hilo. Alikuwa akijiuliza nini kingine, cha nani, kilichelewa kufika au hakikufika kabisa, na kwa sababu gani.

"Haya," alisema Bi Ghaniya mwishowe. "Nimesikia."

Akaurudisha mlango, taratibu, bila kuupiga. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mtu akiuliza kama chai iletwe. Bi Badriya alishika chuma cha ngazi, akashuka. Nyumba ya pili ilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya juu kabisa.